Mama Klachi na Mlango Usio na Kichwa

Alianza kufundisha watu kuendesha gari enzi ambazo mwanamke akishika usukani, wapita njia walisimama kumtazama kana kwamba nyumba inaungua. Jina lake la nyumbani wachache walilijua. Wanafunzi walimwita Mama Klachi, maana hilo ndilo neno alilowapigia kelele kutwa: "Klachi, baba! Klachi! Unaniulia gia!" Wengine leo wanaendesha malori, lakini wakikutana naye sokoni mguu wa kushoto unakanyaga wenyewe.

Mumewe alipofariki alimwachia nyumba ya ghorofa iliyotazamana na barabara, gari, na mama mkwe ambaye hakuweza tena kushuka ngazi. Gari lililala kwenye gereji, chini kabisa ya chumba cha bibi huyo. Kulilaza nje ilikuwa sawa na kuwagawia wezi vioo na matairi.

Basi asubuhi moja springi ya mlango wa gereji ikakatika akiwa ameuinua nusu. Mlango mzima ukashuka na bega lake. Tangu siku hiyo mkono wa kulia ukifika usawa wa kifua, unagoma. Usukani aliuweza. Mlango hakuuweza.

Hapo ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipojipatia cheo. Yeye ndiye aliyekuja kuuinua. Mwanzoni alikuja mapema, baadaye akawa anakuja akijisikia. Wanafunzi wamepanga foleni, yeye bado yuko kwake anapuliza chai. Tena haji mikono mitupu: leo kaleta kochi, kesho kabati, anavipanga nyuma ya gari mpaka darini, "kwa muda tu, shemeji." Wanafunzi wakaanza kuhamia kwa walimu wengine. Mwishowe akalitoa la moyoni.

"Shemeji, umri umeenda. Gari niachie mimi, hapa chini pawe stoo yangu. Nyumba isiyo na kichwa haiendi."

"Nenda kamalizie chai yako," Mama Klachi akamjibu. Kesho yake akaita fundi.

Alitaka mashine ya kufungua mlango kwa rimoti, ile inayovuta kwa mkanda. Ya mnyororo hakutaka hata kuisikia, kwa kuwa ingekwaruza chini ya kitanda cha mama mkwe. "Bibi huyo ana usingizi wa paka," alimwambia fundi. "Akiamshwa vibaya, sote tunahesabiwa makosa mpaka jioni."

Fundi alikuwa mnene, mzito wa maneno. Akafunga kwanza springi mpya, akaupandisha mlango kwa mkono, akaangalia ukingo wake wa juu unavyoinuka kabla ya kulala. Ulipita chini kidogo tu ya boriti ya zege iliyokatiza dari. Akapanda ngazi, akapitisha vidole katikati, akaguna.

"Mama, hapa hakuna kichwa."

"Umesemaje?"

"Hakuna kichwa. Ndiyo shida ya nyumba hii."

Loo! Damu ikampanda. "Nani kakutuma, shemeji yangu? Hakuna kichwa, na mimi hapa ni nini, mkia? Mwenye nyumba nimemuuguza mimi, nimemzika mimi, mama yake namuogesha mimi! Shuka kwenye ngazi yangu!"

Fundi akashuka mbio, bisibisi mkononi, macho yamemtoka. "Mwalimu, kichwa cha mlango! Hii nafasi ya juu, kati ya mlango na boriti. Sisi mafundi tunaiita kichwa!"

Halafu kutoka dirisha la juu kikaporomoka kicheko cha mama mkwe, kirefu, cha kukohoa.

Mama Klachi hakuomba radhi. "Ungesema nafasi. Haya, kichwa hakipo. Kitafute."

"Wengine huwa tunaikata boriti."

"Boriti hiyo imebeba kitanda cha mama mkwe wangu. Lete akili nyingine."

Fundi akakaa juu ya ndoo, akafikiri. Akasema atabadili vishikio vya magurudumu ya juu, ili kipande cha juu cha mlango kilale mapema kisiinuke sana. Reli ya mkanda ni nyembamba, itapenya chini ya boriti. Ila mota ni nene, lazima ining'inie nyuma ya boriti, kule dari lilikoinuka. "Na kule kuna makochi mpaka juu."

"Makochi gani?" Mama Klachi akauliza, akageukia wanafunzi waliokuwa wakimsubiri. "Jamani, somo la leo ni kurudi nyuma. Shikeni kochi hilo, rudini nalo mpaka nje. Taratibu! Angalia nyuma yako, dada!"

Fundi akatoboa, akakaza, akavuta mkanda mpaka ukanyooka. Wakafunga mlango ili waujaribu. Wakati huohuo shemeji alikuwa anatokea kwenye kona, akaona makochi yake yamejipanga ukutani kama yanasubiri basi. Akaja mbio, akainama kushika mpini wa mlango autupe juu.

Ndani, Mama Klachi akabonyeza kitufe.

Mlango ukapanda wenyewe, bila sauti, ukamwacha shemeji ameinama na mkono hewani.

"Karibu, shemeji. Umepoteza kitu?"

"Nani kakupa ruhusa? Hii ni nyumba ya kaka yangu!"

"Na kaka yako nimemzaa mimi!" sauti ikashuka kutoka dirishani. "Toa makochi yako, unaziba njia ya watu!"

Shemeji akajinyoosha, akalainisha sauti. "Sawa. Basi rimoti ya pili nishike mimi. Kwa dharura. Wewe ni mgonjwa."

"Ya pili ina mwenyewe." Mama Klachi akaingia kwenye gari, mwanafunzi akawasha. "Panda nyuma nikufundishe, au tupishe."

Akapisha. Gari likatoka kwa kurukaruka mpaka barabarani. Shemeji akaona gereji iko wazi, haina mtu, fundi keshatoka nje anafungasha vyombo. Akakamata kochi, akaanza kulivuta kurudi ndani.

Mlango ukaanza kushuka mbele yake. Alipoinua macho, mama yake alikuwa dirishani, mkono umetokeza nje, rimoti kidoleni.

"Si humu, mwanangu," alisema. "Kwako."