Ukili wa Marehemu na Nyota Zilizojiviringa

Katika ukoo wa Mwanamkuu binti Mwinjuma, pale Nyamisati, marehemu hawakuandikwa, walisukwa. Mtu akishafanyiwa arubaini, wanawake wa nyumba hukaa na ukindu wao wakaongeza shibiri moja kwenye ukili wa ukoo, ule mkanda mrefu wa majani ya mkindu, na nakshi ya maisha yake kwa ukindu uliotiwa rangi: macho ya samaki kama alikuwa mvuvi, meno ya panga kama alikata boriti mikokoni, punje kama alilima mpunga bondeni. Kisha ukili unaviringwa, unafungwa kamba, unarudishwa darini. Siku ya hitima ya kila mwaka, Mwanamkuu huifuata nakshi kwa vidole akiwataja mmoja mmoja, na wanaume barazani huwasomea dua.

Lakini ukili ulikuwa mrefu mno, nao ulibanwa kiviringe kigumu kama gurudumu. Wa zamani kabisa walikuwa katikati, wamekauka, ukivuta kidogo wanakatika. Kila mwaka Mwanamkuu aliishia kwa bibi yake mzaa mama. Waliobaki ndani walipata "na wote waliotangulia" tu, na jambo hilo lilimkereketa. Alikuwa mtu wa sala tano, mpole, asiyependa kumpita mtu bila salamu, sembuse kumpita kwenye dua.

Mwaka ule aliotawazwa Malkia wa Waingereza, mdogo wake Biasha alichoka. Alisema kiini kikatwe, kizikwe kwa heshima, wabaki na wanaosomeka.

"Dada, huo si ukili tena," alisema, kisu kiko mkononi. "Ni kuni."

Wanawake wenzao walishakubali. Mwanamkuu alikuwa ameketi ukumbini, kiviringe mapajani, akijikaza asilie, ndipo Tabu, mkaza mwanawe, alipoingia kutoka Kibiti na bizari iliyofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Karatasi ilipokunjuliwa Mwanamkuu aliiona picha, akaivuta kwake kabla bizari haijamiminwa yote.

Ilikuwa picha ya nyota, nyingi kama vumbi la unga, zimejizungusha kutoka kitovu kimoja kama nyumba ya konokono. Tabu, aliyesoma mpaka darasa la nne, alimsomea: ni mkusanyiko wa nyota ulio mbali sana, hata mwanga wake unaofika leo ulitoka huko kabla ya babu wa babu kuzaliwa.

"Ngoja, mwanangu. Kwa hiyo tunaloliona si la leo?"

"Ni la zamani, mama. Limehifadhika njiani."

Mwanamkuu alisimama. Akaketi. Akasimama tena, kanga inamdondoka. Maneno yalimtoka mbiombio: basi huu nao ni ukili! Nani ajuaye kama kila nyota si habari ya kitu kilichopita, imesukwa ikaviringwa, inangoja wa kuisoma? Biasha aliuliza kama nyota nazo hupikiwa pilau la hitima. Mwanamkuu alicheka mpaka machozi, akasema Mola ana ubao wake aliouhifadhi, umbo lake halijui mtu, yeye anasema labda tu.

"Ila tazama, Biasha. Hazikubanwa. Zimeviringwa na bado zina nafasi, jicho linaingia popote. Sisi tumewabana wetu mpaka hawapumui."

Kulegeza ukindu mkavu kunataka maji, kila msusi anajua. Lakini ukili ule haukuwahi kuguswa na maji, kwani wazee walisema kuulowesha ni kumwosha maiti mara ya pili. Biasha alimkumbusha hilo kwa sauti ya chini.

"Hawa si maiti," Mwanamkuu alijibu. "Maiti wako kwa Mola wao. Hizi ni habari zao."

Alisema bismillahi, akauzamisha kwenye mtumbwi mbovu uliojaa maji ya mto. Punde maji yakageuka kijani, kisha zambarau. Biasha alishika kichwa: mjomba wao, shangazi, mama yao mzazi, wote walikuwa wanayeyuka.

Tabu ndiye aliyeona kwanza. Yaliyotoka ni rangi ya dukani. Wekundu wa magome ya mkoko, uliotumiwa na wa kale, haukutikisika. Waliofutika ni wale ambao kila mmoja pale aliwakumbuka hadi vicheko vyao, kwa hiyo wangesukwa upya.

Ukili ulilainika, ukafunguka duara baada ya duara. Waliutandaza juu ya jamvi kwa mzunguko mpana. Vidole vya Mwanamkuu vikasafiri hadi kitovuni: punje, punje, kisha nakshi mbili zilizoshikana.

"Mwanamke," alisema kwa furaha. "Mkulima wa mpunga. Alizaa pacha. Huyu ndiye wa kwanza wetu."

Jina lake halikujulikana, basi barazani akasomewa kama Bibi wa Mpunga, Mama Pacha. Na Biasha, kisu amekirudisha jikoni, alisogea hadi karibu na dada yake.

"Siku yangu ikifika," alinong'ona, "tafadhali usinisuke kwa rangi ya dukani."