Siku Nilipomnywesha Abdala Maji Asiyoyanywa

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiizungukia mtadhani najitetea. Mimi niliyewasomesha watoto wenu miaka na miaka kwamba ulimi hauna mfupa lakini huvunja mifupa, mimi niliyekuwa nikipita penye barza ya duka la Damji nimekaza uso kama mtu apitaye penye mzoga, ndimi niliyesimama mbele ya akida, mbele ya jumbe, mbele ya askari na wanafunzi wangu mwenyewe, nikatamka kwa sauti ya kusikika mpaka majarubani kwamba mimi ni mwongo. Na laiti ingekuwa kwa jambo la dini, au kwa zile habari za vita zilizokuwa zikinong'onwa wakati ule, pengine ningepata la kujifariji. Ilikuwa kwa mashindano ya mitumbwi.

Mnaijua homa yetu sisi wa milangoni mwa Rufiji. Mpunga ukiisha kuingia ghalani na mto ukatulia, mitumbwi miwili mikubwa, Kipungu wa ng'ambo yetu na Radhi wa ng'ambo ya pili, hushindana mbele ya watu wote, na mashindano yenyewe huisha kabla wali haujaiva motoni. Yanayowaharibu watu ni yale majuma yanayotangulia, kwa kuwa hapo ndipo kila mwenye kinywa hujifanya mjuzi wa nani atashika usukani wa nani, nani amegombana na mwenye mtumbwi, nani amebembelezwa kwa siri, na nani atawavuta wenzake ahame nao. Nilikuwa nikiwaambia watu wazi kwamba kukaa kutwa kubashiri mambo hayo ni kula nyama za wenzao. Mbaya zaidi (na hili sikuwaambia), nilikuwa nikiyasikiliza yote.

Kuna desturi hapa ambayo bila kuijua mkasa huu hautaeleweka. Mshika usukani akihama hatangazi. Huenda kwa mwenye mtumbwi mpya, mtumbwi ukiwa majini, na mwenye mtumbwi huchota kwa upo, kile kichoteo cha kukumbia, maji yaliyovuja ndani ya mtumbwi, na yule mgeni hunywa funda moja. Akishayanywa ni mtu wao msimu mzima, hata baba yake mzazi akimwangukia miguuni. Kwa hiyo sisi hatusemi fulani amehama. Twasema fulani amekunywa maji, na kila mtu ameelewa.

Mwaka ule maneno hayo mawili yalikuwa na maana nyingine pia. Kutoka upande wa milima ya Wamatumbi zilikuja habari kwamba huko Ngarambe kuna dawa, maji yanayogeuza risasi ya Mdachi ikawa maji nayo, na watu waliochoshwa na kiboko cha shamba la pamba walikuwa wakiondoka kimya kimya, wakiulizwa husema wanakwenda kumtazama babu. Aliyerudi kutoka huko, naye ilisemwa amekunywa maji. Akida wetu alikuwa mtu wa kuja, Kiswahili chake kizuri, lakini habari za mitumbwi alizijua kama mimi nizijuavyo za nguruwe. Habari za Ngarambe alizijua sana, na aliyeshukiwa kuyanywa maji yale alipelekwa bomani, na wengi waliopelekwa bomani hawakurudi, kwani kamba ya kunyongea ilikuwa imekwisha kufungwa.

Sasa mshika usukani wa Kipungu alikuwa Abdala Mketo, mtu mkimya, mwenye mikono ya kukufanya ulihurumie kafi, na hakuna aliyewahi kumshinda. Yeye na mwenye Kipungu walikuwa wamekorofishana, kwa kuwa mwenye mtumbwi alimtaka mpwa wake akae mbele na Abdala hakumtaka. Hiyo ilitosha. Mmoja alimwona Abdala anachonga kafi refu kuliko yake ya kawaida, basi ni la Radhi, maana Radhi una kina. Mwingine alimwona mkewe, Mwanaidi, akipokea kikapu cha kamba wabichi kutoka ng'ambo ya pili, basi mambo yamekwisha. Wa tatu aliapa kwamba Abdala haendi kokote isipokuwa Ngorongo, kule juu, kwani amepewa shamba. Kila siku walimhamisha na kumrudisha, naye mwenyewe yuko zake shambani anachuma pamba ya jumbe.

Alasiri moja Abdala alinijia msikitini, akaniuliza, "Maalim, mtu akimwahidi mwenzake kwa mdomo tu, bila kiapo, kisha asitimize, ana dhambi?"

"Ana alama ya unafiki," nikamjibu, nikamweleza kwa urefu kama ilivyo kawaida yangu. Akashukuru, akaenda zake. Na mimi badala ya kumwombea heri nilikaa pale kwenye jamvi nikijiambia: kumbe amewaahidi watu wa Radhi.

Siku ya pili yake nilikwenda dukani kwa Damji kutaka mafuta ya taa. Barzani walijaa wajuzi wale wale, na juu yao wote Kombo, mpiga kafi mstaafu, ambaye kiungo chake pekee kisichostaafu ni ulimi.

"Maalim, weye wasema je?" akauliza. "Abdala ahama, hahami?"

"Mimi si mtu wa uvumi," nikasema, na hapo ningechukua mafuta yangu nikaenda nyumbani ningekuwa bado mtu mbele zenu.

"Mwacheni," Kombo akawaambia wenzake. "Maalim azijua habari za kaburini. Za mtoni mpaka afe kwanza."

Wakacheka, hata Damji, ambaye huwa hacheki akiwa na mizani mkononi. Nami nikaukunja mwavuli wangu, nikakaa. Hilo ndilo lilikuwa kosa, jambo dogo kama hilo, kukunja mwavuli na kukaa, maana mtu aliyesimama huaga, lakini aliyekaa hana budi kusema.

"Abdala amekwisha kunywa maji," nikasema, kwa sauti ile ile ninayosomea hutuba. "Wala sisemi la kuambiwa. Na wapiga kafi wake wote watamfuata. Ngojeni, mtaona."

Wakanyamaza wote. Siwezi kuwaficha, kimya kile kilikuwa kitamu kuliko itikio la amina. Kombo alikuna kidevu akasema, "Haya. Kama Maalim kasema, basi." Palikuwapo askari mmoja, mtu wa bara ya mbali, aliyekuja kununua tumbaku. Aliifunga tumbaku yake kitambaani akaondoka bila kuaga, na mimi (hili nalo lazima nilitaje) niliwageukia wale wa barzani nikawapa maneno mawili matatu juu ya watu wasio na adabu.

Kesho yake Abdala alikamatwa katikati ya pamba. Kabla ya adhuhuri nikaitwa barazani kwa akida. Nilivaa kanzu iliyofuliwa, nikajifukiza udi, nikatembea nikitunga njiani maneno ya busara, maana nilidhani naitwa kutoa shauri. Hata nilipomwona Abdala amekaa chini, mikono nyuma, kamba mpaka viwikoni, nilijiuliza tu maskini huyu amefanya nini.

"Maalim," akida akaanza, "watu wote hapa wananiambia weye huongopi. Ni kweli?"

"Najitahidi, bwana akida."

"Ulisema dukani kwamba huyu amekunywa maji?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Mtu mwenye akili angejibu kwa ufupi. Mimi nilianza kumweleza kwamba neno maji katika lugha yetu lina matumizi mbalimbali, na kwamba yafaa kwanza tutenge la asili na la kuazima, mpaka akanyanyua mkono.

"Maji ya nani?"

"Ya Radhi, bwana."

"Radhi ya nani? Ya yule babu wa Ngarambe?"

"Hapana, bwana. Radhi ni mtumbwi."

"Na wapiga kafi wake watamfuata. Wamfuate kwenda kufanya nini?"

"Kushindana."

"Na nani?"

"Na Kipungu," nikasema.

Akida aligeuka taratibu akaitazama tarabushi ya askari aliyesimama ubavuni pake, na sisi sote tukaitazama, na pale mbele alikuwapo yule ndege wa shaba wa Mdachi, kipungu, amekunjua mabawa. Nyuma yangu mtu mmoja alicheka akakimeza kicheko. (Ni Kombo. Aliniambia mwenyewe baadaye, akasema ilikuwa hofu.)

"Wanakwenda kushindana na kipungu," akida akarudia, kana kwamba anaonja chumvi.

Jumbe akajitahidi, akasema ni kweli bwana, ni mitumbwi, huo ndio mchezo wa hapa. Akida akakubali. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na haki yake ndiyo ilitutia shimoni. Akamwita mwenye Radhi akamuuliza kama amempa Abdala maji. Mwenye Radhi, mtu mkweli, akaapa kwamba tangu mwaka juzi hajampa mtu yeyote hata tone.

"Vyema," akida akasema. "Maalim, asiyeongopa, asema huyu amekunywa, wala si la kuambiwa. Mwenye mtumbwi asema hakunywa kwake. Basi amekunywa wapi?"

Nilitazama huku na huku nikitafuta mlango wa kutokea, na mlango ulikuwa mmoja.

"Nilikisia, bwana," nikasema.

"Sikukuuliza ulifanya nini. Huyu amekunywa, na kesho aende bomani, au weye ni mwongo. Chagua."

Abdala aliinua uso akanitazama. Na nitawaambia ukweli wote: nilikawia. Mtu amefungwa kamba, na kamba nyingine inamngoja, nami nikikawia kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wameegemea ua wanasikiliza.

"Mimi ni mwongo," nikasema.

"Walio nyuma hawakusikia."

Nikasema tena, na walio nyuma wakasikia.

Hakupelekwa bomani. Lakini akida alisema kwamba mtu haletwi barazani bure, akaamuru apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, pale pale, ili akiisikia habari ya maji yoyote akumbuke kiu. Mimi sikuguswa. Niliambiwa nikae mbele nitazame, na kanzu yangu ya udi nikakaa, nikatazama.

Jioni nilikwenda kwake kumtaka radhi. Mwanaidi alisimama mlangoni.

"Amelala kifudifudi, Maalim. Mtu aliyelala hivyo haamkii wageni."

"Mwache aingie," Abdala akasema kutoka ndani.

Nikaingia, nikachuchumaa, nikaanza maneno yangu, naye akanikatiza. "Lile swali nililokuuliza msikitini. Watu wa Radhi walikuwa wakinitaka, na moyo wangu ulikuwa umekwenda kwao. Lakini nilikwisha kumwahidi mwenye Kipungu. Ulivyonijibu, nikabaki."

Kwa jibu langu mimi mwenyewe mtu yule alikuwa amebaki penye ahadi yake, na ni mimi niliyekwenda barzani kumtangaza kwamba ameihama.

"Sikuwa nimekunywa maji ya mtu," akasema. "Sasa yapo ninayokwenda kuyanywa."

Nikamwambia asifanye hivyo, kwamba dawa ile ni udanganyifu, kwamba risasi haiwi maji.

"Hilo umeliona, Maalim," akauliza, "au ni la dukani?"

Mgongo ulipopona aliondoka kwenda juu, Ngarambe, na wapiga kafi wake wengi wakamfuata. Vita vikaja. Mashindano hayakufanyika mwaka ule wala uliofuata, kwa kuwa mitumbwi yote miwili ilichukuliwa na boma kupandishia askari mtoni, na waliokuwa wakibishana nani atashika usukani wa nani walishikishwa makafi wote pamoja bila kuchagua. Njaa ikaja baada ya vita. Baadhi ya wale vijana walirudi, wamekonda, hawasimulii. Abdala hakurudi.

Mimi bado nasomesha. Watoto huniheshimu, au hunihurumia, sijatofautisha. Nimeapa kutosema la mtu ambalo sikuliona kwa jicho langu, na hata nililoliona nilitazame mara ya pili kabla sijalisema. Nanyi mnaocheka, msicheke kwa kuwa mnadhani ni mambo ya mitumbwi. Aliyezoea kusema "najua" katika mchezo hatabadilisha sauti siku ambayo si mchezo, wala anayesikiliza hatajua kwamba ulikuwa ukicheza.

Mwaka huu mpunga ulipokwisha kuvunwa, Mwanaidi alinijia chuoni, amejitanda, akakaa mbali. Aliniamkia kwa adabu kuliko nilivyostahili.

"Maalim," akasema, "wengine wananiambia mume wangu alionekana hai Ngorongo. Wengine wasema walimzika wenyewe, mahali wasipopakumbuka. Nami nataka kujua, nikae eda au nimngoje. Yu hai, au amekufa?"

Nilifungua kinywa. Mengi yalikuja: niliyoyasikia, niliyoyafikiri usiku, yale ambayo yangemtuliza.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Akasimama, akajifunga vizuri ushungi wake.

"Siku ile ulijua," akasema.