Nyumba Isiyo na Nukta

Miaka ile steshenari ya kwanza yenye kompyuta ilipofunguliwa Kyela mjini, nilikuwa nafundisha jiografia katika shule moja ya kutwa upande wa Ipyana. Mradi mmoja wa mto ulituazima GPS, kidude cha njano kinachoenea kiganjani, kinachopokea mawimbi ya satelaiti na kukuambia umesimama wapi duniani. Nadhani mimi nilihitaji kuambiwa kuliko wanafunzi. Mume wangu, aliyekuwa karani bandarini Itungi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ndugu zake walikuja na lori wakamchukua kwenda kumzika kwao Singida, nikabaki na nyumba ya vyumba viwili na jioni zisizokwisha.

Watu walinisalimu vizuri tu. Lakini Kinyakyusa changu kiliishia kwenye "ndaga", na nikishashukuru sikuwa na la kuongeza.

Niliwapa kidato cha pili kazi ya kutengeneza ramani ya kijiji. Waende kila kaya, wasimame uani, wasubiri satelaiti, waandike namba na jina la kaya daftarini. Walitembea wiki tatu kwenye matope ya mpunga. Chini ya mikakao kifaa kilipoteza mawimbi, wakajifunza wenyewe kutafuta uwazi. Nilijivuna utadhani mimi ndiye niliyezirusha hizo satelaiti.

Jumamosi tukaingiza namba kwenye kompyuta ya steshenari. Nukta zikajitokeza moja moja, mwisho printa ikatoa karatasi. Nikaitafuta nyumba yangu. Shule ipo, kanisa lipo, barabara ya mjini ipo. Kati ya shule na kisima, wanakopita kila asubuhi, palikuwa peupe. Niliumia, na mimi nikiumia hufoka. Nikawauliza kama mimi naishi hewani.

Wakatazamana. Kiongozi wa kikundi, msichana wa familia ya wakulima wa kakao, akasema, "Samahani, mwalimu. Tulipimia makaburini."

Akaeleza taratibu. Karibu kila kaya ina kaburi uani, na juu yake hapana mti. "Halafu mto ukifurika, nyumba zinahama. Kaburi la saruji linabaki. Jina la kaya tumeandika la mzee aliyezikwa pale."

Ilikuwa kazi safi, sikuona pa kukosoa. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Hata hivyo nilitaka nyumba yangu iwemo. Jumatatu nikawapeleka uani kwangu. Kifaa kikasoma upesi. Msichana akafungua daftari.

"Tuandike jina gani, mwalimu?"

Nikataja la mume wangu. Akaliandika, kisha akasita.

"Amezikwa wapi?"

"Singida."

"Sasa tukimweka hapa, mwalimu, kule si atakuwa hayupo?"

Aliniuliza kwa huruma, sikuweza hata kukasirika. Nikachukua kifaa, nikaifuta ile nukta mwenyewe.

Nilidhani tumemaliza. Yeye bado alikuwa ameshika kalamu, anataka kazi ikamilike.

"Na wewe, mwalimu, siku ikifika, watakuzika huko au hapa?"

Wote wakaningoja, daftari limefunguliwa. Singida nilikwenda mara moja tu, siku ya maziko, na hakuna aliyeniambia nirudi. Nikawaambia warudi darasani, kengele imelia. Haikuwa imelia.