Makopa Mbele ya Kiyoyozi

Masika haya nimekwenda Mzenga mara tatu kutoka Kibaha kwa ajili ya kiyoyozi kimoja, na mara ya tatu nilifika na matope hadi magotini na hasira hadi kooni.

Chenyewe ni sanduku refu la bati, kama kabati la nguo, lililofungwa kwa nje kwenye ukuta wa kibanda cha mitambo ya simu. Kila kitu kimo humohumo. Ubaridi unaingia kibandani, joto linatemwa nje kupitia wavu. Joto likikosa njia, mashine inajizima. Kibanda kikipata moto, mitambo nayo inajizima, na kijiji kizima kinabaki kutazama simu zisizo na mtandao.

Ilikuwa hivyo karibu kila mchana. Safari ya kwanza nilisafisha, ya pili nikabadilisha feni. Zote mbili nilifika asubuhi na sikuona kasoro. Safari hii mvua ilinichelewesha, nikafika baada ya adhuhuri. Nyuma ya kibanda nilikuta kichanja cha miti kimebanwa kwenye wavu, kimejaa makopa, vipande vya muhogo vinavyokaushwa kwa unga, na turubai limefunika muhogo na mashine pamoja, kama mtoto wa homa anayefukizwa.

Nikamwuliza mlinzi kama ana macho.

"Ninayo, dada," akasema. "Ila hayo makopa ni ya mama mkwe. Akitoka shamba ndipo anayatandaza."

"Si umwambie?"

"Mkwe haambiwi. Juzi nilisogeza kidogo tu, mpaka leo haitikii shikamoo yangu."

Nilikuwa tayari kumpa maneno yake, kisha nikaona jinsi alivyoishika simu. Mkewe, akanieleza, alikuwa hospitali Kibaha. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu ilikuwa imetimiza miezi. Asubuhi ile aliambiwa kwamba mkewe ameingizwa chumba cha kujifungulia, kisha mtandao ukakatika, na zamu yake hakuwa na wa kumwachia. Hasira ikanitoka, ikabaki huruma, na huruma mimi hainikai vizuri.

"Wewe si Mnyamwezi?" akasema. "Basi ni mtani wake. Nenda wewe."

Mama mkwe alikaa barazani kwake, hatua chache kutoka uzioni, akimenya muhogo mwingine. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha nikachukua kopa moja mbele ya macho yake, nikalitafuna.

"Nimekuja kuyateka haya," nikasema.

"Mnyamwezi we, kwenu njaa imewazidi? Au mmechoka kubeba mizigo ya watu?"

"Hatujachoka. Ila nyie Wazaramo mkisikia ngoma mnauacha muhogo uoze, halafu mnatafuta mashine ya watu iwakaushie."

Alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Hapo ndipo nikamweleza, kwa sababu kwa mtani aliyecheka ukweli hupita bila kukwaruza. Nikamwambia mashine inashindwa kuhema, na simu zinakatika kwa sababu ya kichanja chake.

Akakiokota kisu. "Na mimi siku zote nawatukana watu wa simu," akasema. Kisha akaongeza polepole, "Jua hakuna, mwanangu. Binti yangu akirudi na mtoto hatakwenda shamba. Huu ndio unga wa arobaini yake ya uzazi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, siyo kwa hilo. Nikamwambia makopa hatutayaondoa, tutayasogeza tu, na turubai tutalipandisha juu liwe paa, pembeni pawe wazi. Hewa ya moto itapita na muhogo utaipata.

"Basi beba, si ndiyo kazi ya kabila lako."

Nikabeba. Mlinzi akashika upande wa pili, macho chini, na mama mkwe akatuelekeza pa kuweka bila kumtazama. Nikawasha mashine, tukakaa wote watatu barazani tukisubiri kibanda kipoe. Nilikuwa na safari ndefu ya kurudi, lakini sikuondoka.

Mtandao ulirudi mvua ikianza upya. Simu ya mlinzi ikaita karibu papo hapo. Alisikiliza. Kisha akaiweka kwenye spika, akamnyooshea mama mkwe kwa mikono miwili. Kichanga kilikuwa kinalia, kwa nguvu na kwa ukaidi.

Yule mama akaishika simu sikioni, akainuka, akatoka mvuani hadi kwenye kichanja. Akaanza kukivuta kwa mkono mmoja kukiweka mbali zaidi na wavu.

"Mama, hapo panatosha," nikamwambia.

"Niache," akasema. "Bado analia. Nataka nimsikie mpaka anyamaze mwenyewe." Kisha akamgeukia mkwe wake. "Baba, hebu nishikie upande huo."