Majibu Mawili ya Fundi wa Keko

Wakati wa korona mimi na watafiti wenzangu tulikuwa tunajaribu dodoso la kupima afya ya akili ya watu wazima. Ili kujua kama linaaminika, tuliwauliza watu walewale maswali yaleyale baada ya wiki mbili. Majibu yakifanana, ilikuwa dalili nzuri.

Fundi mmoja wa vitanda pale Keko alijibu "hapana" kwa kila dalili niliyomuuliza, hata ya kukosa usingizi. Nilipomrudia, akasema hajapata usingizi tangu mkewe afariki.

"Kaka, mbona siku ile ulisema unalala vizuri?"

"Mie nilikuwa sikujui, sista. Mtu anakuja na barakoa usoni, nimwambie huwa nalia?"

Sikufuta kitu. Niliandika majibu yote mawili, na pembeni nikaeleza sababu. Kisha nikamuuliza kama angependa nimsindikize zahanati. Akaweka randa chini, akaanza kujikung'uta vumbi la mbao.