Nilisamehewa Kosa Nisilolitenda

Kipaza sauti kilikohoa kabla hakijasema neno.

Nilikuwa chini ya blanketi, uso ukutani. Baridi ya asubuhi ya Debre Birhan inang'oa meno, na gerezani sikuwa na sababu ya kuwahi kufumbua macho.

Kikakohoa tena. Kisha: "Belachew Tessema!"

Hilo jina ni langu.

"We malenga, amka!" Mulugeta, jamaa niliyelala naye ubavu kwa ubavu miaka miwili, akanipiga teke. "Umesamehewa! Toka kabla hawajaghairi."

Ilikuwa siku ya mwisho ya Pagume, ule mwezi wetu mdogo wa kumi na tatu. Kesho yake ni Mwaka Mpya, na Mwaka Mpya serikali husamehe watu.

Nikakaa. Nikavaa viatu. Sikucheka, sikulia. Ndani yangu palikuwa kimya, kama nyumba iliyohamwa.

Nilikuwa nimesamehewa kosa ambalo sikulitenda. Ukidhani hiyo ni bahati, soma mpaka mwisho.

Ngoja nikueleze nilivyoingia.

Sikukuu ya Genna, Krismasi yetu, wanaume hucheza mpira wa fimbo. Wa ng'ambo ya mto dhidi ya wa huku. Na tuna msemo: kwenye Genna hata bwana hakasiriki. Siku hiyo unamchamba mtu mkubwa kwa mashairi, naye anameza.

Mimi ushairi sikufundishwa na mtu. Lakini kila Genna watu wetu walinisukuma mbele. "Belachew, wachome!"

Mwaka ule nikamchoma Deribe, fundi wao wa mchezo:

*Deribe fumba jicholo, fimbo yangu haioni,*
*Usipolifumba leo, litabaki uwanjani.*

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Deribe mwenyewe alicheka.

Nusu saa baadaye fimbo kumi zilirundikana juu ya mpira mmoja. Vumbi. Kelele. Deribe akaanguka ameshika uso, damu ikipita katikati ya vidole.

Jicho la kushoto likaenda.

Fimbo yangu ilikuwa imevunjika zamani. Nilikuwa mikono mitupu. Nani aliliona hilo? Hakuna. Nani alilisikia shairi? Watu mia mbili.

"Mheshimiwa, kwenye Genna hata bwana hakasiriki," nilimwambia jaji.

Jaji akavua miwani. "Kijana, hapa si Genna. Hapa ni mahakamani."

Miaka sita.

Nikakata rufaa. Fomu za kuomba msamaha zilipoletwa gerezani, nilizirudisha mara mbili. Zilikuwa na mstari mmoja: *natubia kosa nililolitenda*.

"Nitubie nini?" nilimwuliza askari. "Andika kosa lenyewe, nilisome, maana mimi silijui."

"Utaozea humu na kiburi chako," akasema.

"Nitaoza nikiwa safi."

Mara ya tatu fomu ililetwa na mama yangu, Yeshimebet. Alikuwa amekwenda kwa mwandishi wa barua, mmoja wa wale wazee wanaokaa na mashine zao za kuchapia nje ya mahakama. Kila kitu kilishajazwa. Ilibaki sahihi yangu, na karatasi ya pili ya kuifuta rufaa.

"Baba yangu," aliniambia kupitia wavu. Kwetu mama akikupenda sana anakuita baba. "Magoti yangu yamekwisha. Mlima huu wa kuja gerezani siupandi tena mwaka ujao. Weka jina, urudi. Ukisamehewa, yote yamefutika."

Nilimtazama magoti. Nikaweka jina. Rufaa ikafa siku hiyo.

Ndivyo nilivyotoka. Mama alipiga vigelegele kuanzia langoni mpaka kona ya kanisa. Akachinja kuku, akapika mchuzi mwekundu, akanilisha tonge la injera kwa mkono wake mwenyewe mbele ya majirani.

Nilitafuna. Sikusikia ladha.

Wiki ya tatu nikapata kazi: dereva wa gari la wagonjwa, kituo cha afya. Mkuu wa kituo alinijaribu kwenye ile barabara ya makorongo, akasema, "Wewe unaendesha kama umebeba mayai. Niletee cheti cha tabia njema kabla ya Ijumaa, uanze."

Nikaenda polisi. Wakachukua alama za vidole vyote kumi. Alhamisi nikarudi.

Karani alikuwa dada mmoja mwenye shuka jeupe mabegani. Akanisukumia karatasi.

*Amewahi kutiwa hatiani: Ndiyo. Kujeruhi mwili.*

"Dada, kuna makosa hapa. Mimi nilisamehewa." Nikatoa barua yangu ya msamaha, ina mihuri miwili.

Akaisoma. Akaisoma kweli, siwezi kumsingizia.

"Kaka, hii ni yikirta."

"Ndiyo."

"Si mihret."

"Tofauti ni nini? Si msamaha wote?"

"Mihret hutolewa kwa sheria, kwa kundi zima. Ikikupata, hatia inafutwa daftarini, kana kwamba hukuhukumiwa. Yikirta ni ya mtu mmoja mmoja. Inakuondolea kifungo tu. Hatia inabaki palepale."

"Nimesamehewa nini sasa?"

"Miaka minne iliyobaki."

Nikainama dirishani. "Nina rufaa. Nirudi kwenye rufaa."

"Uliifuta, kaka." Akageuza karatasi nyingine. "Na hapa uliandika kwamba unatubia. Subiri miaka mitano, uombe mahakama ikurudishie jina."

Nyuma yangu mzee mmoja akaguna, "Kijana, sogea, na sisi tuna shida zetu."

Nikasogea.

Kazi ikaenda kwa mwingine. Mkuu wa kituo hakunitukana. Alinipa mkono wa pole, akaniita ndugu.

Nyumbani nilimkuta mama anakaanga kahawa. Nikamweleza yote. Yikirta, mihret, miaka mitano.

"Mama, kwa nini hukuniambia ni yikirta?"

Akashangaa. "Ningeomba nini kingine? Mihret ni ya Mungu. Kwa wanadamu tunaomba yikirta. Aliyekosa ndiye anayeomba yikirta."

"Aliyekosa."

Akaendelea kukoroga.

"Mama. Nilikosa?"

Kahawa zikaanza kuungua. Hakuziepua.

"Nilikuwa uwanjani," akasema polepole. "Nilikusikia. Ulisema mwenyewe kwamba jicho litabaki pale. Lakini nilikusamehe siku ileile, baba yangu. Kabla ya serikali. Haki ya Mungu, hata jaji hajakaa kitini, mimi nilishakusamehe."

Miaka miwili alipanda ule mlima. Miaka miwili hakuniuliza hata mara moja kama nilimpiga.

Nilidhani haulizi kwa sababu anajua.

Ndugu yangu unayesoma, wakikuletea msamaha, uliza kwanza unafuta nini. Wangu ulifungua lango, haukuligusa daftari. Na usiweke sahihi chini ya neno ambalo ulimi wako umelikataa, hata anayekushikisha kalamu akiwa mama yako mzazi.

Niliepua kahawa mwenyewe. Nikapuliza moshi.

"Basi apa," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Apa kama watu wanavyoapa. Sema, mama yangu afe, sikumpiga. Nitakuamini."

Kwetu hakuna kiapo kizito kuliko hicho. Nilifungua mdomo.

Nikaufunga. Nisingetumia kifo chake kununua kitu alichopaswa kunipa bure.

"Siapi," nikasema. "Ila sikiliza. Mimi Belachew, mwana wa Yeshimebet, sikumpiga Deribe. Miaka mitano ikitimia nitasimama mahakamani kulidai jina langu. Wakinipa karatasi safi, nitakusomea hapahapa, neno kwa neno. Na wewe, Mama, usife kabla sijaisoma. Nakuahidi nitaisoma."