Nilimpisha Mzee Kiti cha Pikipiki

Sitaki mtu asome haya halafu aseme bibi kaota. Sikuota. Nilikuwa macho, mchana, jua liko utosini, na mdomo wangu ndio ulioyaanzisha. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha asome. Mie sikusoma zaidi ya chuo cha Kurani, kuandika nimejifunza ukubwani, kwa hiyo nitayasema kama yalivyokuwa, sina namna ya kuyapamba.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bado tunatawaliwa na Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa mwaka haujatimia, tunakaa Pongwe, mume wangu fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Nitamwita Fundi, maana ndivyo nilivyomwita mpaka Mungu alipomchukua. Alipata pikipiki kuukuu iliyoachwa na wanajeshi, akaifungua yote sebuleni kwangu, mafuta meusi mpaka kwenye mkeka, akaifunga tena ikawaka. Wakati ule ukiwa na baiskeli wewe bwana mkubwa. Sembuse pikipiki?

Wifi yangu alikuwa hanipitii bila neno. "Haya, kapakiwa tena kama gunia la nazi. Siku utaanguka huko tukuokote buibui liko kichwani, miguu iko juu!"

"Utaniokota wewe, wifi, kwa hayo magoti yako?" nami namjibu.

Nilikuwa napenda, sifichi. Nilipenda kukaa kule nyuma nimegeuza miguu upande mmoja, watu wananitazama.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kwetu, ng'ambo ya msitu. Mdogo wangu anaolewa, na mie dada mtu ndiye wa kumpamba. Nimepakwa hina mpaka viganjani, nimefunga udi na doti mbili mpya za kanga kifuani. Barabara ya magari ilizunguka mbali, kwa hiyo watu walikata msituni. Msitu wa serikali, lakini njia ya kila mtu: wanawake wa kuni, watu wa baiskeli, Wabondei wanaoshusha ndizi. Njia moja tu, imefyekwa, upana wake ukinyoosha mikono unagusa miti huku na huku.

Mwanzo wa njia alikaa mlinzi wa msitu, Mzee Mhina. Tukamwamkia shikamoo. Akaitazama pikipiki kama anavyotazamwa mbuzi wa jirani aliyeingia shambani.

"Marahaba. Mnapita na hiyo?"

"Tunapita, mzee," Fundi akasema. "Nyepesi hii."

"Nyepesi kwa kuwa hukuibeba. Sikilizeni. Gurudumu lisitoke njiani. Mkifika bondeni penye maji, zimeni, shukeni, msukume kwa mikono. Mkikuta mti umeanguka, inueni mpitishe juu. Kule pembeni udongo ni laini, na kuna wenyewe."

"Wenyewe kina nani?" Fundi akacheka.

Mzee Mhina hakucheka. "Mie nalipwa kulinda miti. Kuwaeleza hao sijalipwa."

Na mie nilijua. Hapa nisikilizeni vizuri. Wanawake wa kuni wa kwetu wana desturi, nimelelewa ndani yake. Ukitoka njiani ukakanyaga mche, au ukaburuza mzigo ukachimba ardhi, huendi zako. Unatua, unapiga magoti, mche unausimamisha, ulichofukua unakifukia kwa mkono wako, unafunika majani, unasema, "Tuwieni radhi, tumepita." Ndipo unajitwika. Huulizwi una haraka gani. Nilijua hayo kama nijuavyo kutawadha.

Bondeni tulishuka, tukasukuma, tukavuka maji vizuri. Hatua chache mbele, tumeshapanda tena, tukakuta mti mkubwa umelala njiani. Fundi akazima.

"Shuka, bibie. Tuinue, huku kwanza, halafu kule."

Nikamwonyesha viganja. "Nna hina mikononi, nawe wataka niinue chuma? Si upite hapo pembeni? Mbona peupe!"

"Mzee kasema..."

"Mzee kasema! Umenunua chombo au umenunua mzigo? Mdogo wangu atapambwa na majirani, mie dada yake niko porini naogopa majani."

Mume wangu alikuwa mtu wa kumsikiliza mkewe. Kosa lake ni hilo tu. Mengine yote yangu.

Akawasha, akakata pembeni. Kule kulikuwa na makangaga marefu ya kiunoni, na chini yake udongo mweusi, laini kama ugali ambao haujaiva. Gurudumu la nyuma likazama, likazunguka, likarusha matope na miche juu ya buibui langu. Fundi akazidisha moto, tukapasua hivyo hivyo, hatua sitini hivi, tukatokea njiani mbele ya ule mti. Nikageuka kutazama. Tumeacha mfereji mweusi kama kidonda, na maji yameshaanza kuingia ndani yake.

Nilijua napaswa kushuka. Wallahi nilijua. Nikasema moyoni, tutarekebisha tukirudi.

Hapo hapo pikipiki ikafa.

Umewahi kuwa msituni saa saba mchana, vitu vyote vikanyamaza pamoja? Nyenje walinyamaza. Maji ya bondeni yalinyamaza. Fundi anapiga teke, anapiga teke, chombo hakikohoi hata kidogo. Basi nikasikia mtu anakuja nyuma yetu, anatembea taratibu, anaguna. Hakutokea njiani. Alitokea kwenye ule mfereji wetu.

Alikuwa mzee, kanzu yake rangi ya udongo, ameinama. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba kwa sauti ya mtu mwenye kitu kinywani.

"Nimeumia mgongo," akasema. "Nipakieni."

Nikatazama miguu yake. Alikuwa pekupeku, na miguu ilikuwa safi. Sisi tuliokuwa juu ya chombo tumerowa matope mpaka shingoni, yeye aliyetembea ndani yake hana hata tone. Niliona. Msiniulize mbona sikukimbia, nimejiuliza mwenyewe miaka yote. Sisi watu wa pwani tunafunzwa tangu tunatambaa: mkubwa akisimama, wewe huketi. Mama yangu alikuwa akinifinya paja nisipompisha mgeni mkeka. Mwili uliondoka wenyewe kabla ya akili.

"Keti wewe, baba," nikasema. "Mie nitatembea, si mbali."

Fundi akanitazama. Mpaka leo nayaona yale macho. Alitaka kusema neno, na kwa haya za kumkatalia mzee mbele yangu hakulisema.

Yule mzee akapanda. Akapitisha mikono yote miwili tumboni kwa mume wangu, akakilaza kichwa chake mgongoni kwake. Pikipiki ikawaka. Hakuna aliyeipiga teke. Ikadidimia pale ilipo, springi zake zikalia kama imepakiwa magunia kumi ya mchanga. Kisha ikageuka, ikatoka njiani, ikaingia makangagani na mume wangu juu yake ameshika usukani kama aliyeshikishwa.

Nilipiga kelele nikamwita. Nikasikia mlio wa chombo kulia kwangu, kisha kushoto, kisha, niaminini, chini ya miguu yangu, ndani ya ardhi, mpaka nyayo zikanitetemeka. Nikaita tena. Mara moja tu akanijibu, mbali sana.

"Mke wangu! Hashuki!"

Basi. Baada ya hapo ni mlio tu, unazunguka, unazunguka.

Nilitaka kukimbilia kwa Mzee Mhina, miguu ikakataa kumwacha. Nilitaka kumfuata, kumfuata wapi? Hapakuwa na alama mpya hata moja kwenye makangaga. Alama ilikuwa ile moja tu, ya kwetu. Ndipo ikanijia desturi ya wanawake wa kuni. Nikatupa kanga za harusi, nikapiga magoti pale tulipotokea, nikaanza kufukia.

Nilisimamisha mche, nikaubana udongo. Nikafunika majani. "Tuwieni radhi, tumepita." Nikasoma Kulhuwallahu, nikasogea. Mche mwingine. Nikamaliza kama pima moja, na mlio ule ukasogea. Nikasita nisikilize, ukaenda mbali. Nikafukia tena, ukarudi. Hapo nikafahamu biashara iliyopo. Sikuinua kichwa tena. Kucha zilikatika, hina ikaondoka na damu, nalia huku nasema radhi, radhi, radhi, kama mwendawazimu. Kila hatua niliyoiziba mume wangu alikuwa karibu kwa hatua hiyo. Nilianza kusikia anavyohema.

Zilibaki hatua kumi. Nazikumbuka, nimezihesabu kwa macho, kumi kasoro au kumi kamili, zile zilizo karibu na maji. Makangaga yakapasuka, Fundi akatoka anasukuma pikipiki kwa mikono, peke yake, matope yamemjaa kinywani na masikioni.

Nikaacha kila kitu nikamkimbilia. Mke gani asingekimbia?

"Siku ngapi?" akaniuliza.

"Siku gani? Ndiyo kwanza alasiri."

Akajishika kidevu. Asubuhi ile alinyoa mbele ya macho yangu, kioo nimemshikia mie. Sasa ana ndevu za juma zima.

"Hebu ngoja nimalize pale," nikamwambia, "pamebaki kidogo."

Akanishika mkono, kwa nguvu hata kikanilia kiungo. "Usiniache tena. Twende."

Nikaenda, tukarudi Pongwe. Hatua kumi nikaziacha.

Usiku ule masika yalifunguka. Harusi ilipita bila mie, mdogo wangu alinuna mpaka akazaa mtoto wa pili, hilo nililibeba. Asubuhi nilirudi msituni na jembe nikamchukua Mzee Mhina. Tulipofika, zile nilizoziziba zimekaa, miche imesimama. Zile kumi mvua imezichukua. Maji ya bonde yamepata njia, yamekata kina cha goti, udongo unateremka nayo.

Mzee Mhina akainama akaupima ule ukingo kwa mkono. "Jana mkono ungetosha," akasema. "Leo hata jembe halitoshi."

Nikamweleza habari ya mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza neno moja.

"Wakati mumeo anatoka, ulimwona yule akishuka?"

Sikumwona akishuka.

Fundi aliishi miaka ishirini na zaidi baada ya siku hiyo. Pikipiki hakuipanda tena, aliifungua akaiacha vipande vipande, vyuma vikaliwa na kutu. Hakulala chali tena. Alilala kifudifudi, na akiketi anaketi kwa kuinama mbele, kama mtu anayempa mwingine nafasi nyuma yake. Watu wakasema kibiongo, kazi ya mitambo. Tulikwenda kwa dakta mjini, tulikwenda kwa mashekhe, tulisomewa, tulifukiziwa. Kila masika yakija lile korongo kule msituni linapanuka, na kila masika mgongo wake unashuka. Mie nilikuwa nakwenda na kapu la udongo, namwaga, namwaga. Kapu moja na bonde zima! Alikuwa ananiambia, "Acha, mke wangu, kashazoea." Aliyezoea nani? Sikumuuliza.

Alipofariki, waliomuosha hawakuweza kumlaza akanyooka. Na waliobeba jeneza, vijana wanne wenye nguvu, kabla ya kufika kona wakaomba wenzao waongezeke. Mtu aliyebaki ngozi na mifupa.

Nikadhani yamekwisha. Arobaini ilipotoka, nikaweka kichwa changu kwenye mto nilale kama ninavyolala siku zote. Sikuweza. Kuna kitu kinene, baridi, kati ya mgongo wangu na godoro, na harufu ya udongo uliorowa. Tangu siku ile mie ndiye nalala kifudifudi. Haki yangu. Kiti nilikitoa mie.

Sasa nawaona nyie, wajukuu, na pikipiki zenu za kupiga kelele, mnaingia misituni mnakata mnavyotaka, mnarusha matope mnacheka, gurudumu lenu liko juu ya miche ambayo hamkuipanda. Mnadhani msitu ukifunguliwa kwa watu wote ndio hauna mwenyewe. Siwaombi, nawaambia. Piteni palipofyekwa. Penye maji shukeni msukume, hata kama mna haraka, hata kama mna mke mwenye mdomo kama wangu. Gurudumu likitoka njiani, zima hapo hapo, piga magoti, ziba mpaka hatua ya mwisho, usinyanyuke hata ukiitwa na umpendaye. Na mtu akitokea nyuma yako akakuomba umpakie, hata awe mzee, muulize kwanza mgongo ameuumizia wapi.